Bwana Afya na Nyama ya Binti Yake

Mtu akikufunulia sufuria bila hodi kwa miaka mingi, ama utamchukia ama utamzoea. Mimi nilifanya yote mawili, na zipo siku niliyafanya asubuhi ile ile. Alikuwa anaingia kwenye mgahawa wangu kwa mlango wa nyuma, ule wa wapishi, maana alisema mlango wa mbele ni wa watu wanaotaka kupokewa. Koti jeupe, mabuti ya mpira, kofia ya sufi iliyoshuka mpaka kwenye nyusi kwa sababu ya baridi ya Tunduma. Neno "hodi" alilitamka akiwa ameshashika kifuniko.

Mji mzima tulimwita Bwana Afya. Wapo maofisa wa afya waliomtangulia na wapo waliokuja baada yake, lakini ukisema Bwana Afya hapa mpakani, bila kuongeza neno, mwenye bucha atajua unamsema nani na atageuka kuangalia kama yuko nyuma yake. Siku hizi watu wanapenda kusema aliangushwa na binti yake. Wanasema mzee aliyetupa nyama ya kila mtu alishindwa kutupa nyama ya mwanawe. Maneno hayo yananikera. Mimi nilikuwapo, na mjukuu wangu ni mmoja wa walioumwa, na bado nasema haikuwa hivyo.

Nianze na kidole gumba chake. Akifika kwenye nyama alikibonyeza juu yake, akakiondoa, akangoja. Shimo likirudi juu, alisogea kwenye kipande kingine. Lisiporudi alikutazama wewe, siyo nyama. Hakuwa mtu wa kufoka. Alikuwa mtu wa milima ya Ileje, na Kiswahili chake kilipanda na kushuka kwa lafudhi ya Kindali, kiasi kwamba hata akikufungia biashara ulidhani anakuimbia. "Mama, nyama haidanganyi," aliniambia siku ya kwanza tuliyogombana. "Anayedanganya ni pilipili." Kwa hiyo mgahawa wenye rosti nyekundu kupita kiasi ulikuwa na shida yake wenyewe. Aliomba maji ya moto na bakuli, akaziosha nyama mpaka zikabaki uchi, na wateja wakiwa mezani wanaangalia. Hakuna mpishi mpakani hapa ambaye hakuogopa kuogeshewa nyama mbele ya madereva wa malori.

Jirani yangu aliyekuwa akiuza supu yalimkuta. Siku hiyo foleni ya malori ya kwenda Zambia ilikuwa ndefu, madereva wamelala njiani, na supu ilikuwa imeshaanza kuchemka. Bwana Afya akabonyeza, akangoja, akamtazama. Kisha akamimina mafuta ya taa humo ndani ili hata mbwa asije akaila. Jirani yangu alilia, halafu alimtukana kwa Kinamwanga chote alichozaliwa nacho. Yeye alisimama anasikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza, mama?"

"Sijamaliza!"

"Basi ukimaliza, osha sufuria uweke maharage. Mimi nipo."

Na kweli alikuwapo. Alisimama kando ya yale maharage na koti lake jeupe, kila dereva aliyepita anamwambia, "Karibu, haya nimeyapitisha mimi." Sufuria liliisha. Jirani yangu alimaliza siku ile akiwa bado anamtukana, lakini kwa sauti ya chini na kwa Kiswahili. Mtu akikuharibia kazi asubuhi, halafu akakaa kukuuzia mpaka jioni, utamweka fungu gani?

Jambo lililotusumbua zaidi ni kwamba hakula kwa mtu. Alisema mkaguzi akishakula kwako, kesho mdomo wake utakuwa mzito. Sasa kwetu sisi, mgeni akikataa chakula, mwenye nyumba atalala na maswali: amekuchukia, au amekuona mchawi? Alipoalikwa harusini alikaa meza ya mbele pamoja na wazee wa kanisa na kutoa karanga mfukoni, akazimenya moja moja huku wenzake wakipambana na pilau. Mkewe alikuwa anainamisha kichwa kwa aibu. Mke huyohuyo ndiye aliyetuambia kwamba nyumbani mzee anakula kama hataiona kesho.

Halafu siku moja nimevuka kwenda Nakonde kutafuta vitenge, namkuta nani? Bwana Afya, bila koti, amesimama kwenye moshi wa muuza soseji, zile nene nyekundu ambazo Wazambia wanazikaanga na kuziweka juu ya chipsi. Tomato sosi imemfika kwenye kifundo cha mkono. Muuzaji anamwita "bashikulu", yaani babu, kwa mapenzi makubwa, kumaanisha si mara yake ya kwanza.

"He! Bwana Afya! Umeibonyeza hiyo?"

Hata hakushtuka. "Mama, mpaka uko pale," akaonesha kwa soseji. "Huku sina mamlaka. Tumbo langu liko likizo."

Nilimtania kwa hilo miaka yote. Lakini lilinifanya nimpende pia, maana nilijua kumbe ule ukali ni kazi, siyo ngozi.

Basi likaja lile duka la sandwichi. Jina lake halina maana hapa. Ni kampuni yenye maduka mengi, ukianzia Dar ukafuata barabara mpaka huku, na mengine ng'ambo, yote yana rangi moja, viti aina moja na picha ya mkate mrefu ukutani. Nyama haikununuliwa Tunduma. Ilikuja na gari la baridi, ndani ya maboksi, imeshakatwa, imeshasagwa, vipande vya duara vinavyolingana. Vijana walijipanga kwa ajili ya mkate, na kwa ajili ya picha za simu. Madereva nao walianza kunihama. Mmoja aliyekuwa mteja wangu wa ugali nilimuuliza anafuata nini kule, akanijibu vizuri tu. "Mama, mimi kila siku nalala mji mwingine. Kile kimkate nikikila Dar na nikikila Lusaka ni kile kile. Nachoka kubahatisha." Nilinuna, lakini nilimwelewa.

Nilitegemea Bwana Afya atakuwa upande wangu. Nikamuuliza, "Ng'ombe gani huyo mwenye mapaja ya duara?" Nilitaka acheke.

"Jiko lao ni safi kuliko lako," akasema. "Sakafu yao unaweza kulala. Yako huwa naipitisha kwa huruma."

"Asante sana."

"Sijamaliza. Wewe nyama yako ikiumiza mtu, nakuja hapa nakukuta umesimama. Yao ikiumiza mtu napiga simu, wananiambia nibonyeze moja. Ubaya siyo uchafu, mama. Ubaya ni kwamba ile nyama haina mtu."

Miezi michache baadaye nyama ile ikapata mtu. Kampuni ilimpa umeneja binti yake wa mwisho, Tusekile, aliyekuwa amesomea mambo ya hoteli Mbeya. Msichana mchapakazi, mwepesi wa salamu, kidole gumba chake kinafanana na cha baba yake. Mzee alifurahi, asikudanganye mtu. Alipita mbele ya duka lile kwa miguu hata pale ambapo njia yake ilikuwa kwingine. Ila hakuingia. "Yule ni mwanangu," aliniambia. "Nikiingia na kupitisha, watasema nimempendelea. Nikiingia na kutupa, watasema nimemkomoa ili nionekane mwema." Kwa hiyo ukaguzi wa duka lile akampa ofisa mwenzake, kijana mmoja mstaarabu aliyehamia kutoka Mkwajuni. Sisi wote tulimsifu kwa hilo. Mimi pia nilimsifu, tena kwa sauti.

Mvua kubwa ikaangusha nguzo, umeme ukakatika siku mbili, na jenereta la duka likagoma kuwaka. Umeme uliporudi, nyama iliyokuwa imeyeyuka ikaganda tena kwenye friza, ikaonekana nzuri tu kwa nje. Msimamizi wa kampuni alikuja kutoka Mbeya na neno moja: isitupwe, ofisa wa afya akiipitisha iuzwe. Kijana wa Mkwajuni akaja, akapitisha. Jumapili kulikuwa na kipaimara, na familia moja ya kanisani kwetu ilikuwa imeagiza mikate ya nyama kwa ajili ya watoto wote. Baraka, mjukuu wangu, alikula miwili.

Nashukuru Mungu hakufa mtoto hata mmoja. Lakini ukishamshika mjukuu wako anatapika mpaka hana cha kutapika, hutaki kusikia habari ya kushukuru. Nilipomwacha Baraka na mama yake kwenye kitanda cha kituo cha afya, nilitoka nje nikiwa namtafuta mtu wa kumrarua. Nikawakuta wamekaa kwenye benchi, baba na binti. Tusekile alikuwa bado na kofia ya duka kichwani. Nilifungua mdomo, na nilikuwa na mengi. Binti akanitangulia, lakini hakuwa anasema na mimi.

"Nilikungoja, baba."

Mzee akamgeukia.

"Nilijua umeme ukirudi utakuja. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu, mimi nisingeweza kuitupa mbele yake. Nikasema moyoni, baba atakuja, yeye haogopi mtu, ataimwagia mafuta ya taa na mimi nitakuwa sina kosa. Akaja yule kaka. Nikamwambia fungua friza uangalie. Nikamwambia mara mbili. Akacheka. Akasema, 'Nifungue friza la binti wa mzee? Dada, si mzee atanishangaa?' Akaniuliza hali ya nyumbani, akaniaga."

Basi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Baba alikaa mbali kwa sababu ya haki, kijana hakufungua kwa sababu ya heshima, binti hakuitupa kwa sababu alimtegemea baba. Watu watatu wenye adabu zao, na nyama mbovu ikapita katikati yao bila kuguswa na mtu. Hasira yangu ilibaki palepale kifuani lakini haikuwa na pa kwenda. Nilikaa kwenye lile benchi nami.

Halmashauri iliita kikao cha wafanyabiashara wote wa chakula. Mtu wa kampuni alisimama na kusema chakula huenda kilikaa juani kwenye sherehe. Kisha ikaonekana wazi kwamba mzigo wote unataka kutwishwa kijana wa Mkwajuni, ambaye alikuwa amekaa pembeni anatazama viatu vyake. Bwana Afya akaomba nafasi. Alivua kofia yake ya sufi, jambo ambalo sikuwahi kuliona, na kumbe alikuwa na upara.

"Msimtafute kijana," akasema. "Nilimtuma kwenye friza ambalo nilijua hatalifungua. Mtoto aliyelelewa vizuri hafungui kabati la mkwewe, na hafungui friza la binti wa mkubwa wake wa kazi. Nilijua hilo. Sisi wote humu tunalijua. Ila nilitaka jina langu libaki safi. Na limebaki safi, watoto wakatapika. Ile nyama niliipitisha mimi."

Akamgeukia binti yake, aliyekuwa amesimama mlangoni. "Na huyu pia msimguse. Ni mimi."

Jirani yangu wa supu ndiye aliyeanza kulia, yule yule, na alikuwa hana hata mjukuu aliyeumwa. Mimi nilimsamehe mzee pale pale, na sikungoja aniombe. Nilidhani na Tusekile atakuwa anashukuru kulindwa namna ile. Nilikosea. Kampuni ilifunga duka, mzee akastaafu kabla ya siku zake, na binti akaacha kuzungumza na baba yake kabisa. Alikuja kwangu mara moja kuulizia kazi, nikamuuliza kwa nini anamnunia mzee aliyejitwika kosa lake.

"Ndiyo hivyo, mama," akasema. "Kajitwika lote. Funguo za friza nilikuwa nazo mimi. Mimi ndiye meneja. Amesimama mbele ya mji mzima akasema sikuwapo. Mpaka lini nitakuwa mtoto wa Bwana Afya?"

Nilimpikia chai.

Miaka imepita tangu hapo. Nilisikia kwamba mzee amehamia Ihanda, kwenye shamba la kahawa la familia, na kwamba macho yake yameingiwa na mtoto wa jicho, anangoja kupasuliwa. Nilisikia pia kwamba Tusekile amemfuata huko baada ya mama yake kufariki, na kwamba amefungua kibanda kando ya barabara kuu. Nani alimsogelea mwenzake kwanza sijui, na sikuuliza. Mwezi uliopita nilikuwa natoka Vwawa, nikamwambia kondakta anishushe.

Kibanda kilikuwa kizuri, mbao zimepakwa rangi, na jiko liko mbele ambapo kila mtu analiona. Anauza mikate ya nyama, ndiyo, ile ile sandwichi, lakini nyama yake ni ya bucha la hapo hapo, anaichoma na kuichana mwenyewe. Mzee alikuwa kwenye kiti cha plastiki nje, uso ameuelekeza barabarani. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba. Sauti hiyo naijua. Sakafu yako ikoje?"

"Bado unanipitisha kwa huruma."

Alinishika mkono kwa mikono miwili, na sikuona haya, machozi yalinitoka. Ukungu mweupe ulikuwa umefunika macho yote mawili. Aliniambia siku hizi anaona mwanga na vivuli, basi. Tulikuwa hatujamaliza hata habari za Baraka, ambaye sasa ananizidi urefu, ikasimama kosta iliyojaa wanakwaya. Walikuwa wanawahi mashindano Mbeya, hawajanywa hata chai, na wote walitaka mikate. Kwa kibanda kama kile, ile ilikuwa biashara ya wiki nzima. Walimzunguka Tusekile wakipiga kelele, huyu anataka na yai, yule hataki kitunguu.

Tusekile akainama kwenye friji lake dogo na kutoa beseni la nyama. Umeme ulikuwa umekatika usiku na kurudi asubuhi, mzee alikuwa ameshaniambia. Nikamwona binti anasimama na lile beseni. Hakuligusa jiko. Alilisogeza kwenye mwanga, akainamisha uso, akanyamaza.

Mzee alisikia ule ukimya. Nilimwona anafungua mdomo, mkono ameshaegemeza kwenye kiti ainuke. Kisha akaufunga mdomo, akaketi, na mikono yake akaibana katikati ya magoti. Sijawahi kumwona mtu anajizuia vile.

"Samahanini, wapendwa," Tusekile akasema. "Leo nyama hakuna."

"Si hiyo umeishika, dada?"

"Hii siuzi. Imeharibika. Nina mayai, kwa watakaofikiwa."

Walinung'unika, wachache wakachukua mkate na yai, wengine wakarudi kwenye gari wakisema wamepoteza muda bure. Kosta ikaondoka. Mzee akaniinamia na kuninong'oneza.

"Mama, nenda kaitazame. Uniambie ilivyo. Unieleze kweli."

Nikaenda, nikaitazama, nikaibonyeza, nikainusa, nikarudi. Nikamwambia: rangi ni nyekundu, pembeni tu imeanza kufifia kidogo. Kidole kinarudi, ila kinarudi polepole. Harufu ni ya mbali, mpaka uitafute.

Akainua uso. "Wewe ungeipika?"

"Ningeipika, Bwana Afya. Tena bila wasiwasi."

Akaanza kucheka. Alicheka kwa kifua, mabega yakitikisika, na macho yale yakitiririka, nikashindwa kujua kama ni kicheko tu. Halafu akapaza sauti kuelekea kibandani.

"Tusekile! Hiyo hata mimi ningeipitisha!"

Binti alikuwa ameshabeba beseni anaelekea nyuma ya kibanda, chupa ya mafuta ya taa kwapani. Hakugeuka.

"Najua, baba," akasema.